Majani Makavu Juu ya Zege

Kabla ya alfajiri nilisikia kata ikigonga mdomo wa mtungi. Iligonga mara tatu, nne, tano, haraka haraka, na maji yakamwagika chini. Nikafumbua macho. Elieza, mume wangu, alikuwa amechutama gizani, mkono unamtetemeka hata hawezi kuifikisha kata mdomoni.

"Homa?" nikamwuliza.

"Baridi tu," akasema, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Nikamshikia kata akanywa. Paji lake lilikuwa la moto sana. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa Bukoba mjini, mimi, yeye na mtoto wetu Penina aliyekuwa bado ananyonya. Kwetu ni Kamachumu. Elieza alikuwa fundi mwashi, na mwaka ule wa hamsini na tatu alikuwa amepewa kazi ya kujenga njia ya zege ya waendao kwa miguu, mbele ya ofisi mpya za serikali. Ilikuwa na urefu wa hatua mia moja. Mgeni mkubwa kutoka Dar es Salaam angekuja mwezi wa nane apite juu yake, na wafanyakazi wote waliiita njia ya mgeni.

Kwa siku mbili Elieza na watu wake walikuwa wamemwaga zege lote. Jioni ya pili walilifunika kwa majani na kuyalowesha maji. Nadhani homa ilikuwa imeshamwanza jioni ile, kwa sababu alirudi amekaa kimya na hakugusa ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Kulipopambazuka nikaenda kumwita Rwegasira, nyapara wa kazi, mtu wa Kagoma. Alikuja akisukuma baiskeli yake, akamtazama Elieza, akasema, "Waitu, jamani, huyu ni wa hospitali." Akamkalisha kwenye kiti cha nyuma, akavua koti lake mwenyewe akamfunika, akaanza kumsukuma taratibu ili asianguke. Koti lile sijalisahau. Kulikuwa na upepo wa ziwani siku ile, na Rwegasira alibaki na shati lililotoboka viwiko.

Elieza akageuza kichwa. "Shubila," akasema, "tunza majani mpaka nirudi."

"Nitayatunza," nikajibu.

Hayo ndiyo maneno aliyosema. Hakusema zaidi, wala mimi sikuuliza zaidi.

Katika nyumba zetu za wakati ule sakafu ilitandikwa majani makavu. Mgeni alipokaribishwa alikaa juu ya majani, na watoto walilala juu ya majani. Kuyatunza ilikuwa kazi ya mke. Yakichafuka au yakimwagikiwa maji anayatoa nje, anafagia, anatandika mengine. Majani yaliyolowa huoza na kuleta viroboto, na mwanamke mwenye majani ya namna hiyo husemwa kijiji kizima. Mama yangu alinifundisha kazi hiyo nikiwa mdogo, na nilipoolewa, mama mkwe wangu aliangalia majani yangu kabla hajaonja chakula changu.

Kwa hiyo nilimfunga Penina mgongoni nikaenda kwenye njia ya mgeni. Nikayakuta majani yamelowa chepechepe, mengine yameshika matope. Niliona aibu kwa niaba ya mume wangu. Nikasema moyoni, homa imemzidi maskini, amewaacha wanaume watandike hovyo. Nikayatoa yote. Nikafagia zege mpaka likawa jeupe. Nikapanda mlimani nikakata majani, nikayaanika juani, na alasiri nikayatandika vizuri, nikipiga magoti, vichwa vyote vikiangalia upande mmoja, kama tunavyomtandikia mgeni wa heshima.

Kesho yake asubuhi wakaja wanawake wawili wachota maji na madebe vichwani. Mmoja alikuwa Jovita, ambaye tulizoeana.

"Tupishe, mama," Jovita akasema. "Tumekuja kumwaga."

"Kumwaga wapi?"

"Hapo hapo."

"Juu ya majani?"

"Mumeo alituambia tumwage asubuhi na jioni."

"Mume wangu ana homa tangu juzi, hajui alisemalo. Jovita, kwenu mgeni anakalishwa kwenye matope?"

Mwenzake akacheka mpaka debe likayumba. "Kwao Jovita mgeni anapewa na chura amshike mkono," akasema.

"Nyamaza wewe," Jovita akasema, lakini naye alikuwa anacheka. Akayatazama majani yangu. "Kweli yamependeza. Mimi nimechoka, sitagombana na mtu. Ukitaka makavu, kaa nayo makavu."

Wakaenda kumwaga maji yao kwenye pipa la wachanganyaji, upande wa pili wa ofisi. Ikawa hivyo kila siku. Walipita na madebe yao, wakanisalimu, wakaendelea. Mimi kila asubuhi nilitoa majani yaliyopata umande, nikatandika makavu. Ilikuwa kiangazi. Jua lilikuwa kali na upepo wa ziwa haukutulia.

Siku ya tatu akapita Bwana Mkubwa wa ujenzi. Alikuwa Mzungu mrefu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kamba, kwa sababu kila mahali alitembea na kamba ya kupimia kama kitu kimenyooka. Alikuwa na karani wake, Protase. Bwana Kamba akasimama, akayatazama majani toka mwanzo wa njia hadi mwisho, akatabasamu.

"Safi sana," akaniambia kwa Kiswahili. "Mama, kazi safi."

Nilifurahi. Siku nzima nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyomwambia Elieza.

Siku ya tano Bwana Kamba akaagiza njia ifunuliwe aione. Nikayatoa majani mwenyewe nikafagia. Elieza alirudi mchana ule kutoka hospitali, amekonda, anatembea ameshika ukuta. Hakuyaona majani kabisa. Aliona zege tupu. Na juu ya zege aliona ufa.

Ulikuwa mwembamba kama unywele, umekata njia kutoka pembe hadi pembe. Hatua nane mbele kulikuwa na mwingine. Halafu mwingine. Elieza akainama akapitisha ukucha.

"Maji," akamwuliza Rwegasira. "Maji yalimwagwa?"

"Kila asubuhi," Rwegasira akasema. "Niliwaona wale wanawake kwa macho yangu wakipita na madebe."

Alikuwa anasema kweli. Aliwaona wakipita. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na ufagio, na sikuelewa kwamba wanazungumza habari zangu. Nilidhani maji wanayosema ni ya kuchanganyia.

Katika wiki mbili nyufa zile zilipanuka mpaka ncha ya kisu ikaingia. Mgeni alikuwa karibu kufika. Bwana Kamba akasema zege linapasuka kwa kuwa halina saruji ya kutosha, na lisipokuwa na saruji ni kwa sababu mtu ameiuza. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwa Elieza. Wakaja askari wawili wakamchukua akiwa anakula. Mmoja wao alimwacha amalize kunawa mikono.

Mbele ya hakimu hapakuwa na shahidi aliyemwona akiuza. Ushahidi ulikuwa zile nyufa. Elieza aliapa kwamba alipima kila mfuko. Akapewa miezi minane na kazi ngumu.

Nikarudi Kamachumu na mtoto.

Mwezi wa tisa nilikwenda kumsalimu mzee Datius, fundi aliyemfundisha Elieza kazi. Alikuwa amezeeka, haoni vizuri, anakaa kibarazani na mkewe. Walinipa kahawa ya kutafuna na mkewe akampokea Penina mgongoni mwangu bila kuombwa, alipoona nimechoka.

"Nieleze hilo zege," Datius akasema. "Lilipasukaje? Nyufa zilikwenda huku na huku kama matope ya bwawa lililokauka, au zilikata njia?"

"Zilikata njia, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya. "Moja hapa, nyingine hatua nane mbele."

"Walilifunika?"

"Nililifunika mimi. Kwa majani makavu, mazuri sana. Kila siku nilibadilisha."

Mzee akaacha kutafuna. "Makavu?"

"Yaliyolowa niliyatoa."

Akauliza, "Mama yako anafinyanga?"

"Shangazi yangu anafinyanga."

"Chungu kikitoka mikononi mwake anakiweka juani?"

"La. Anakiweka kivulini, anakifunika kwa majani ya mgomba mabichi."

"Kwa nini?"

"Kisipasuke," nikasema. Na nilipolisema neno hilo nikaiweka chini kahawa iliyokuwa mkononi.

"Zege nalo ni hivyo," akasema kwa upole. "Watu wanadhani likishakuwa gumu limekwisha. Bado. Ndani lina maji, na yale maji yakitoka zege linanywea, linapungua. Huwezi kuona kwa macho, lakini linapungua. Likinyweshwa siku saba linapata nguvu kwanza, ndipo likauke polepole. Likikaushwa upesi kwa jua na upepo, linanywea kabla halijapata nguvu. Lina urefu wa hatua mia, limeshikwa na ardhi chini. Linataka kujikunja, ardhi hailiachii. Litafanyaje? Litararuka."

Nikaanza kulia. Mkewe akaja akakaa karibu yangu.

"Sikiliza," Datius akasema. "Hakukata mistari? Nilimfundisha kukata mstari kila baada ya hatua nne, ili zege likinywea linywee pale mstarini."

Nikakumbuka. "Alitaka kukata. Bwana Kamba alikataa. Alisema anataka njia moja, laini, isiyo na alama."

"Basi lingepasuka hata kama ungelimwagia ziwa lote," mzee akasema. "Pengine lingechelewa. Pengine nyufa zingekuwa chache. Lakini lingepasuka."

Mpaka leo sijui kama huo ulikuwa ukweli wa fundi au huruma ya mzee. Nilimshukuru kwa yote mawili.

Kesho yake nikashuka Bukoba, nikaenda ofisini kwa Bwana Kamba. Protase karani akaniletea kigoda, akaniuliza kama mtoto amekula. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka, akaniita.

Nilisema na Protase akatafsiri. Nikasema mume wangu hakuiba. Nikasema ni mimi niliyeyatoa majani yenye maji, nikaweka makavu, zege likakauka upesi. Nikasema na ile mistari.

Bwana Kamba alikuwa anaandika. Kusikia habari ya majani akaacha kalamu. Alinikumbuka, niliona usoni kwamba amenikumbuka. Akatazama dirishani. Kisha akasema maneno machache kwa Kiingereza na kuendelea kuandika.

"Anasemaje?" nikamwuliza Protase.

Protase alikuwa anaangalia viatu vyake. "Anasema mke wa mwizi atasema lolote."

"Lakini aliyaona! Alisimama pale, aliniambia kazi safi. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mama."

"Mwambie basi."

Akamwambia. Nilijua ana watoto na anahitaji kazi ile, lakini alimwambia. Bwana Kamba hakuinua kichwa. Alionyesha mlango kwa kalamu, na sikujua kama anatuonyesha mimi peke yangu au sote wawili. Nje Protase akaniambia, "Akikubali habari ya majani na mistari, njia imepasuka kwa makosa yake. Hawezi kukubali." Mwisho wa mwezi nilisikia Protase amehamishiwa Biharamulo.

Gerezani niliruhusiwa kumwona Elieza mara moja kwa mwezi. Nilitembea siku moja na nusu, nikalala kwa binamu yangu, kisha nikangoja langoni pamoja na wengine. Kazi yao ilikuwa kuponda mawe kuwa kokoto. Mara ya kwanza mikono yake ilikuwa na malengelenge. Mara ya pili malengelenge yalikuwa yamekuwa sugu, na alikuwa ameanza kukohoa.

Mara ile ya pili nilikuwa nimedhamiria kumwambia. Lakini yeye alianza.

"Nimejua ni nani," akasema.

Nilidhani amenijua mimi. "Ni nani?"

"Rwegasira. Siku ile ya pili nilikuwa na homa, sikuona sawasawa. Yeye ndiye aliyesimamia kuchanganya. Alipunguza saruji. Ndiyo sababu alikuja upesi na baiskeli yake asubuhi ile. Alitaka niondoke."

"Alikufunika kwa koti lake, Baba Penina."

"Mwizi ana mbinu." Akasogea karibu, akapunguza sauti askari asisikie. "Nikitoka siendi Kamachumu. Naanzia Kagoma. Nyumba yake imeezekwa kwa nyasi. Kibiriti kimoja kinatosha."

Macho yake yalikuwa makali, na nilivyomwona, chuki ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha kila asubuhi kwenda kuponda mawe. Nikarudi nyumbani na neno langu tumboni.

Wiki ile ile Rwegasira alifika Kamachumu. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Kagoma na mkungu wa ndizi nyuma.

"Wa Penina," akasema. "Na ule mwingine mdogo nimeuacha kwa mama mkwe wako."

Nilimwuliza habari za nyumbani. Ana watoto wanne, mdogo hajaota meno. Wote wanalala chumba kimoja na mama yao, karibu na jiko, kwa sababu ya baridi. Alinieleza akicheka jinsi wanavyopigana mateke usingizini. Nikamtazama anavyofungua kamba ya mkungu ule, na nilihesabu miezi iliyobaki mpaka Elieza afunguliwe. Ilikuwa sita.

Ndugu zangu nilipowaambia, kaka yangu Lwakatare alinikataza kusema. "Ukimwambia atakuacha," akasema. "Mwanamke aliyemtia mumewe jela kwa majani! Utarudi hapa na mtoto, na mama yake atakuimba sokoni."

"Na watoto wa Rwegasira?"

"Nenda kamwonye Rwegasira, ahame."

"Ahame na mashamba yake? Kwa kosa langu?"

Lwakatare akachukua panga lake akaenda migombani.

Mwezi wa kumi na moja senene, panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameshuka. Niliwakamata, nikawakausha motoni, nikawafunga kwenye jani la mgomba. Askari wa langoni alifungua kifurushi, akachukua mmoja, akamtafuna, akanifungia tena vizuri kwa uzi wake ule ule. "Pita, dada," akasema.

Elieza alikuwa amekonda zaidi. Vumbi la mawe lilikuwa limeingia kwenye nyusi zake akaonekana mzee. Alipoona senene akacheka kidogo, akaweka mmoja mdomoni, akamwonyesha Penina ulimi.

"Baba Penina," nikasema. "Rwegasira hakupunguza saruji."

"Usinianzie hayo."

"Nisikilize. Zege lilikauka vibaya. Halikupata maji hata siku moja."

"Rwegasira alisema lilipata."

"Aliwaona wanawake wakipita na madebe. Hakuona wanakokwenda kumwaga. Jovita na mwenzake walipokuja niliwafukuza. Ulisema tunza majani, nami nikayatunza. Yaliyolowa niliyatoa, nikatandika makavu. Kila siku. Kwa magoti."

Aliacha kutafuna. Alinitazama kama mtu anayesoma barua ya maandishi mabaya.

"Siku zote nne?"

"Zote."

"Makavu?"

"Niliyaanika kwanza."

Akatoa sauti fupi, sikujua kama ni kicheko. Akaweka kifurushi cha senene chini. "Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu kila jiwe ninalopiga ni kichwa chake. Sasa nipige nini?"

"Nilikwenda kwa Bwana Kamba nikamwambia. Alinifukuza."

"Kwa nini umeniambia mimi?"

"Kwa sababu ya kile kibiriti. Ana watoto wanne. Huyo mdogo hana hata jino. Kama unataka mtu wa kumchukia, nipo. Nyumba yangu unaijua ilipo."

Alikohoa kwa muda mrefu, ameshika magoti. Nilitaka kumshika mgongo lakini waya ulikuwa katikati yetu. Alipomaliza alisema, huku bado ameinama, "Mimi ndiye niliyesema tunza. Ningesema mwagia. Neno moja." Lakini hakulisema kwa kunisamehe. Alilisema kwa hasira, nadhani hasira ya kila kitu.

Kengele ikagongwa. Wafungwa wakaanza kurudi ndani. Elieza akainuka akaenda pamoja nao bila kuniaga, na kifurushi kikabaki chini. Nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimeshaanza kupanga namna nitakavyomwambia mama mkwe, na vitu gani ni vyangu katika nyumba ile, na vipi si vyangu.

Karibu na mlango akamwambia askari neno, akarudi. Akaokota senene, akakung'uta mchanga kwenye jani. Hakunitazama mimi, alimtazama Penina aliyekuwa amelala begani kwangu.

"Usimwambie Rwegasira nilivyosema," akasema.

"Sitamwambia."

Askari akamwita kwa sauti. Elieza akapiga hatua mbili, akasimama, mgongo umenigeukia.

"Mwezi ujao uje," akasema. "Uje tena, Mama Penina."